Jina la Chaza na Jina la Konokono: Uainishaji wa Viumbe Wadogo wenye Gamba na Afya ya Watu wa Unguja

Mgonjwa anayefikishwa kituo cha afya akiwa na ganzi ya midomo na ulimi, vidole vinavyomchonyota na miguu iliyoanza kulegea, saa moja au mbili baada ya kula chakula cha pwani, huulizwa swali lile lile kila mahali: umekula nini? Katika Unguja jibu laweza kuwa neno moja tu, chaza. Mhudumu huliandika katika jalada na kuendelea na kazi yake. Neno hilo ni sahihi, na kwa mpishi linatosha. Kwa anayetaka kujua sumu imetoka wapi, na lini pwani ile itakuwa salama tena, bado halijasema chochote.

Kiswahili kina majina mazuri ya wanyama wa pwani, lakini waliotunga majina hayo walikuwa na shughuli nyingine. Chaza ni yule aliyejishika mwambani, ni yule mwenye lulu, na katika vinywa vya wengi ni kila mnyama mwenye magamba mawili yanayofunga na kufunguka. Kombe ni mnyama, na pia ni gamba lake tupu. Wanawake wa Fumba, Bweleo na Unguja Ukuu, ambao hushuka katika Ghuba ya Menai wakati wa bamvua maji yanapokupwa, humtambua kila mmoja kwa mahali anapolala: huyu amejifukia mchangani kati ya nyasi za bahari, yule ameshika jiwe, mwingine amezama topeni. Elimu hiyo ni pana, na watafiti wengi wameanza kazi zao kwa kuitegemea. Hata hivyo, inawagawa wanyama kwa makazi, ladha na matumizi. Uainishaji wa kisayansi huwagawa kwa nasaba: nani ni ndugu wa nani, hata kama mmoja yuko mwambani na mwingine topeni.

Nasaba hiyo inamhusu tabibu kuliko anavyodhani. Sumu iletayo ganzi na kupooza, iitwayo saksitoksini, haitengenezwi na chaza mwenyewe. Hutokana na aina fulani za mwani mdogo mno usioonekana kwa macho, ambao chaza huuchuja majini pamoja na chakula chake. Haina ladha wala harufu, na haiharibiki kwa kuchemshwa. Hakuna dawa ya kuipinga. Kinachookoa maisha ni kumsaidia mgonjwa kupumua mpaka mwili wake uitoe, na anayevuka saa 24 za kwanza kwa kawaida hupona. Lakini wanyama wa magamba mawili hawalingani katika kuihifadhi. Kome wa jenasi ya Mytilus huitoa mwilini katika muda wa wiki chache baada ya mwani ule kutoweka. Yuko mwingine, Saxidomus gigantea wa pwani ya Pasifiki ya Amerika Kaskazini, anayeweza kukaa nayo hadi miaka miwili. Wote wawili wakiandikwa kwa jina moja katika jalada, hakuna atakayejua kama onyo kwa wavuvi lidumu mwezi mmoja au misimu kadhaa.

Kwa sababu hiyo gamba lisitupwe. Magamba matatu au manne, kila moja likiwa bado limeungana na mwenzake, yakaushwe na kutiwa katika bahasha pamoja na karatasi yenye tarehe, jina la pwani na jina ambalo mlaji mwenyewe alimwita mnyama huyo. Kama kimebaki kipande cha nyama, kigandishwe kwa ajili ya kupimwa sumu. Kipande kingine kidogo kiwekwe katika spiriti safi, kwa kuwa nyama iliyokaa katika formalini haifai vizuri kwa uchunguzi wa vinasaba. Ni kazi ya dakika tano, na humwezesha mtaalamu aliye mbali kusema jina ambalo kituo hakiwezi kulitaja.

Jinsi jina kama hilo linavyopatikana huonekana vizuri zaidi katika kiumbe mmoja wa Zanzibar ambaye hakuna ampikaye. Mwaka 1890 mtaalamu wa wanyama wa Kijerumani, Alfred Voeltzkow, alichapisha maelezo ya mnyama mdogo wa magamba mawili wa Zanzibar, aliyemkuta si mwambani wala mchangani bali ndani ya njia ya chakula ya jongoo bahari. Alimwita Entovalva mirabilis. Neno la kwanza limeungwa kwa Kigiriki cha "ndani" na Kilatini cha "ubao wa mlango", kwa kuwa magamba mawili hufunguka kama milango miwili. La pili maana yake ni "wa ajabu". Ni nadra kwa jina la kisayansi kukiri mshangao wa mtungaji wake waziwazi namna hiyo.

Ajabu yenyewe haikuwa ndogo. Chaza wa kawaida ana ngozi laini, iitwayo vazi, ambayo hukaa ndani ya gamba na ndiyo hulijenga gamba hilo. Kwa Entovalva mpangilio umegeuzwa: vazi liko nje na limelifunika gamba, ambalo limekuwa jembamba na dhaifu, kwani mnyama anayeishi ndani ya mwili wa mwingine hahitaji ngome. Voeltzkow alimweleza kuwa ni kimelea. Waliokuja baadaye wamelipunguza makali neno hilo, na leo ndugu zake huelezwa zaidi kuwa wapangaji, wanaoishi kwa chembe za chakula zinazopita humo pamoja na mchanga anaoumeza jongoo. Wasomaji wa jarida hili wanaijua tofauti hiyo; minyoo na bakteria wa utumbo wa binadamu nao hawastahili kuitwa kwa jina moja.

Kwa kuwa mnyama huyo hakuweza kuwekwa pamoja na yeyote aliyekwisha kutajwa, ilibidi atungiwe jenasi yake. Tangu hapo kila anayekuta kiumbe wa namna hiyo ndani ya jongoo bahari hulazimika kumlinganisha na yule wa Zanzibar. Mwaka 1998 iliongezwa Entovalva lessonothuriae kutoka Japani, iliyopewa jina la kundi la majongoo inamoishi, na mwaka 2010 Entovalva nhatrangensis kutoka Nha Trang, Vietnam. Hao wote wamo katika jamii kubwa iitwayo Galeommatoidea. Wengi wa jamii hiyo ni wadogo sana, baadhi si wakubwa kuliko punje ya mchele, na wengi huishi wakitegemea wenzao: juu ya majongoo, katika mashimo ya kamba na kaa, kando ya minyoo wa mchangani. Katika visiwa vya Pasifiki vilivyochunguzwa kwa makini, jamii hii imekuwa miongoni mwa zenye spishi nyingi kupita jamii nyingine za magamba mawili, na sehemu kubwa ya spishi hizo haijapewa majina. Hakuna sababu ya kudhani kwamba mchanga wa Unguja ni maskini zaidi.

Anayeamini amepata spishi mpya huanza kwa chekeche na subira. Mchanga huchujwa, mashimo hufukuliwa, majongoo hukaguliwa mmoja mmoja. Kisha huja hadubini. Rangi na mistari ya gamba, ambayo humvutia mnunuzi wa mapambo, haina uzito mkubwa, maana hubadilika kwa umri na mahali. Kinachotazamwa ni bawaba inayounganisha magamba mawili na meno yake, makovu yaliyoachwa na misuli, umbo la mguu na la matamvua, na lile ganda dogo la utotoni lililobaki kwenye ncha ya gamba, ambalo huonyesha kama mnyama alielea muda mrefu baharini akiwa lava au alilelewa na mama yake. Gamba tupu lililookotwa ufukweni linaweza kupotosha. Tena katika baadhi ya spishi za jamii hii dume ni kijidudu kidogo mno anayeishi pamoja na jike, na mchunguzi asiyejua hilo anaweza kuwapa mume na mke majina mawili. Siku hizi vinasaba husomwa pia, na mara nyingi hufichua kwamba kilichodhaniwa kuwa spishi moja ni mbili au tatu.

Sehemu ngumu kuliko zote, ingawa haisifiwi, ni kusoma. Majina ya wanyama huhesabiwa kuanzia mwaka 1758, Carl Linnaeus alipochapisha toleo la 10 la kitabu chake Systema Naturae, na kanuni ya msingi ni kwamba jina lililotangulia hushinda. Kwa hiyo kabla ya kutangaza jina jipya ni lazima kuhakikisha kwamba hakuna Mjerumani, Mfaransa au Mwingereza aliyekwisha kumtaja mnyama yule katika jarida la karne iliyopita au ile iliyoitangulia, kwa lugha yake au kwa Kilatini. Kwa pwani hii kazi hiyo hupunguzwa kidogo na maandishi kama ya J. F. Spry kuhusu makombe ya Dar es Salaam, lakini vitabu vya namna hiyo hueleza zaidi wanyama wakubwa wanaookotwa kwa mkono, na huwapita wale wa ukubwa wa mchele.

Halafu huchaguliwa kielelezo cha msingi: mnyama mmoja aliyehifadhiwa katika makumbusho, akapewa nambari, na jina likafungwa kwake. Ukitokea ubishi baada ya miaka 100, mwamuzi atakuwa yeye, wala si picha wala kumbukumbu ya mtu. Vielelezo vingi vya kwanza vya pwani ya Afrika Mashariki viliondoka kwa meli na sasa vimo katika makabati ya Ulaya. Zanzibar ina Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 1978. Hata hivyo mtafiti wa Mji Mkongwe anayetaka uhakika juu ya mnyama aliyemwokota mbele ya Forodhani anaweza kulazimika kuandika barua London au Berlin. Jambo hilo halipendezi, na picha za kidijitali za vielelezo zimelipunguzia uzito kwa kiasi tu.

Mabano nayo yahitaji neno moja, kwa sababu huwatatiza wengi. Chaza lulu ambaye akina mama wa Fumba na Bweleo wamemfuga ili kupata lulu nusu za mapambo huandikwa Pinctada margaritifera (Linnaeus, 1758). Mabano yanaeleza kwamba Linnaeus ndiye aliyemtaja, ila alimweka katika jenasi nyingine. Naye kwa kweli alimweka pamoja na kome, katika Mytilus. Mnyama alihamishiwa nyumba ya ndugu zake wa kweli, na mtungaji wa jina akabaki na heshima yake. Vivyo hivyo mnyoo wa kichocho cha mkojo huandikwa Schistosoma haematobium (Bilharz, 1852), maana Theodor Bilharz, aliyemgundua Cairo mwaka 1851, alimwita kwanza Distomum. Anayesoma vitabu vya zamani asishangae kukuta ugonjwa mmoja na mdudu mwenye majina mawili.

Kichocho ndicho kinachotoa mfano ulio wazi kuliko wote wa thamani ya kazi hii kwa Unguja, ingawa mfano wenyewe haumo baharini. Konokono ni ndugu wa chaza katika kundi kubwa la moluska, wenye mwili laini ambao kwa kawaida hujikinga kwa gamba, na sheria za kuwataja ni zile zile. Mayai ya mnyoo hutoka na mkojo wa mgonjwa. Yakifika katika maji baridi huangua, na kilichoanguliwa hutafuta konokono wa kuingia. Asipopatikana konokono anayekubaliana naye, hufa katika muda wa siku moja au mbili. Akipatikana, baada ya wiki kadhaa konokono huyo huanza kumwaga majini maelfu ya lava wanaopenya ngozi ya mtu anayeoga, kufua au kupanda mpunga.

Unguja ina konokono wawili wa jenasi ya Bulinus ambao kwa macho ni kama pacha: Bulinus globosus (Morelet, 1866) na Bulinus nasutus (von Martens, 1879). Jina la mmoja lina maana ya "mviringo" na la mwingine "mwenye pua ndefu", lakini atakayekusanya mia moja kutoka mabwawa mbalimbali atakuta waviringo wenye pua na wenye pua walio viringo. Gamba la konokono wa maji baridi hufuata chakula, joto na umri. Kwa miaka mingi ilijulikana kwamba kichocho cha mkojo kimewaelemea watoto wa vijiji vya kaskazini na kati, kama Chaani na Kinyasini, huku upande wa kusini, Makunduchi na jirani zake, ukiwa na nafuu. Sehemu ya sababu ni ardhi yenyewe: kusini na mashariki ni nchi ya maweni, mwamba wa matumbawe wa kale unaonyonya mvua, na maji ya juu ya ardhi ni machache. Lakini konokono walikuwepo hata huko. Kwa nini basi hawakuwa wakiambukiza?

Jibu lilipatikana pale wataalamu walipoacha kubishana juu ya pua za magamba. Mwaka 1997 J. Russell Stothard na David Rollinson wa Makumbusho ya Historia ya Asili ya London walichapisha uchunguzi wa vinasaba vya konokono wa Zanzibar, kazi iliyofuata juhudi za pamoja na wataalamu wa wizara ya afya ya visiwani. Vinasaba viliwatenganisha bila shaka. Bulinus globosus alikuwa kaskazini na kati, Bulinus nasutus kusini, na ni wa kwanza peke yake aliyethibitika kumlea mnyoo wa kichocho cha binadamu Unguja. Ramani ya ugonjwa na ramani ya konokono zikawa moja, baada ya kila mmoja kuitwa kwa jina lake.

Faida yake haikubaki katika karatasi. Zanzibar ilipoanzisha mpango wa kukomesha maambukizi ya kichocho, kati ya mwaka 2012 na 2017, watu walipewa prazikwanteli mara mbili kwa mwaka, na katika baadhi ya shehia mabwawa na vijito vilitiwa niklosamidi, dawa ya kuua konokono. Dawa hiyo haichagui. Huua pia samaki na vyura. Kuimwaga katika bwawa la Bulinus nasutus wa kusini kungekuwa kupoteza fedha na kuharibu maji ya watu bila kumkinga mtoto hata mmoja.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba jina likipatikana hukumu imekwisha. Ng'ambo ya bahari, Kwale katika pwani ya Kenya, Bulinus nasutus huyo huyo ndiye mwenyeji mkubwa wa kichocho cha mkojo. Mnyoo wa kule na konokono wa kule wamezoeana. Wa Unguja hawakuonekana kuzoeana. Spishi moja yaweza kuwa na hatia pwani moja na kutokuwa nayo pwani ya pili, na msafara wa watu na mifugo kati ya pwani hizo haujawahi kukoma. Pemba nako uliibuka utatanishi wa upande wa pili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba Schistosoma bovis, mnyoo wa kichocho cha ng'ombe, anaambukizwa kisiwani humo kupitia Bulinus globosus. Lava wake chini ya hadubini hatofautiki na wa kichocho cha binadamu. Mahali ambapo ugonjwa umekaribia kutoweka, konokono mmoja mwenye maambukizi huamsha hofu ya kijiji kizima, na ni vinasaba tu vinavyoweza kusema kama hofu hiyo ni ya watu au ya ng'ombe.

Kwa mhudumu wa kituo cha kusini yote haya hufupika katika swali moja la ziada. Mtoto wa Makunduchi akiletwa kwa kukojoa damu, kichocho hakiondolewi katika orodha kwa sababu tu ya anwani yake; huulizwa alikwenda wapi miezi iliyopita, kwa nani, na alioga maji gani. Likizo kwa bibi kaskazini, au safari ya Pemba au ng'ambo, huandikwa katika jalada kwa jina la kijiji na la bwawa au kijito. Mkojo wake huchukuliwa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, muda ambao mayai hutoka kwa wingi, na hupimwa siku hiyo hiyo.